Vijitabu vya Paine, Sieyès na wenzao: nguvu yake ilitoka kwenye hoja, lugha au bei?

Mdadisi wa Makongo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tuna kikundi kidogo cha kusoma historia, watu wanane tu, tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi, na safari hii tumefika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Tulipokuwa tunapanga matukio ubaoni niliona jambo ambalo halijaniacha tangu siku ile. Vitabu vikubwa vya Zama za Mwangaza, ambavyo shuleni tuliambiwa ndivyo vilivyowatikisa wafalme, vilitoka mapema mno: cha Montesquieu kuhusu roho ya sheria ni cha 1748, na cha Rousseau kuhusu mkataba wa kijamii ni cha 1762. Lakini ukitazama kilichokuwa mikononi mwa watu miezi michache kabla hawajachukua hatua, hukuti vitabu vinene. Unakuta vijitabu vya kurasa chache, vilivyoshonwa kwa uzi bila jalada gumu. Common Sense cha Thomas Paine, kilichowaambia Wamarekani waachane na mfalme wa Uingereza, kilitoka Philadelphia mwezi Januari 1776, na Julai ya mwaka huo huo makoloni 13 ya Waingereza huko Marekani yakatangaza uhuru wake. Kijitabu cha padri Mfaransa Sieyès kuhusu Tabaka la Tatu, yaani watu wote wasio makasisi wala makabaila, kilitoka Januari 1789, na Juni wawakilishi wa tabaka hilo wakajiita Bunge la Taifa.

Mwenzetu mmoja anasema tusibabaike, kwani jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza na bado hakuna anayedai kuwa jogoo ndiye anayelivuta jua. Mimi sikuridhika, ila sikuwa na jibu. Je, vijitabu hivi vilifanya kazi ambayo vitabu havikuweza, na kama ni hivyo, kwa njia gani hasa? Tena, kuhusu Common Sense ninaona takwimu za mauzo zinazopishana sana, wengine wakitaja nakala 120,000 na wengine nusu milioni. Ipi inaaminika?

Fundi Chapa Mstaafu

Mwanangu Mdadisi, nimekula chumvi nyingi katika viwanda vya uchapaji, nikianzia enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kinyumenyume, na ndiyo maana nikikutana na takwimu iliyotiwa chumvi ulimi wangu huitambua upesi. Nianze na hesabu.

Mtambo wa mbao wa wakati ule uliendeshwa na watu wawili. Mmoja alishika mipira miwili ya ngozi, akaipaka wino na kuigongagonga juu ya herufi. Mwenzake alilaza karatasi iliyoloweshwa kidogo, akaisukuma mahali pake na kuvuta mkono wa mtambo kwa nguvu zote za bega. Wakielewana vizuri walitoa karatasi 200 hivi kwa saa, tena upande mmoja. Karatasi moja ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, kwa hiyo kijitabu cha kurasa 48 kinataka karatasi tatu, na kila karatasi ipite mtamboni mara mbili, ambayo ni mivuto sita kwa nakala moja. Nakala 120,000 ni mivuto 720,000, yaani saa 3,600, sawa na mwaka mzima wa mtambo mmoja ukivutwa saa kumi kila siku bila kupumzika hata Jumapili. Mitambo ilikuwa mingi na miji ilikuwa mingi, basi kwa mikono jambo hilo si muhali. Kinachokwamisha ni karatasi, maana ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, na mgogoro ulikuwa umekata ile iliyokuwa ikiletwa kutoka Uingereza.

Takwimu ya 120,000 kwa miezi mitatu aliitoa Paine mwenyewe, na mwandishi kuhesabu nakala zake ni kama mvuvi kupima samaki aliyemponyoka. Waliohesabu matoleo wamepata 25 hivi yaliyochapwa Marekani mwaka ule. Hata ukiwa mkarimu na kulipatia kila toleo nakala 3,000, unafika 75,000. Nusu milioni mimi naikataa kabisa, kwa sababu makoloni yote yalikuwa na watu kama milioni mbili na nusu pamoja na watumwa na watoto wachanga.

Sasa usivunjike moyo. Hata nakala 50,000 kwa nchi ile ni gharika. Nami nadhani sababu kubwa ni bei. Mchapaji wa kwanza, Robert Bell wa Third Street, aliuza kwa shilingi mbili. Paine alikuwa ameahidi kwamba nusu ya faida itanunua glavu za sufi kwa askari waliokuwa kwenye baridi ya Quebec, lakini alipoenda kudai, Bell akamwambia hakuna faida yoyote iliyopatikana. (Kwa uzoefu wangu, hilo ni jibu ambalo waandishi wamelisikia katika kila karne.) Paine alikasirika, akaenda kwa akina Bradford, akaongeza maneno, na toleo hilo jipya likauzwa kwa shilingi moja. Bell naye hakukubali kushindwa, akaendelea kuchapa la kwake, na wachapaji hao wakatukanana kwenye magazeti kwa wiki kadhaa, jambo ambalo lilikitangaza kijitabu kuliko tangazo lolote la kulipia. Miji mingine wakachapa bila kumwomba mtu ruhusa, na Paine hakuwazuia. Mwandishi aliyeng'ang'ania haki zake asingesambaa hivyo.

Bi Kitabu wa Tanga

Shikamoo Mzee Fundi. Hesabu yako imenifungua macho, ila naomba nisogeze mizani kidogo upande wa lugha, kwa sababu idadi ya nakala si idadi ya watu. Kijitabu kimoja kilisomwa kwa sauti kwenye vilabu vya pombe, mezani nyumbani na kambini, na waliokisikia walikuwa wengi kuliko waliokinunua. Andiko linaloandikwa kwa ajili ya sikio lina umbo lake. Sentensi lazima ieleweke ikipita mara moja tu, kwani msikilizaji hana nafasi ya kurudi nyuma.

Paine aliijua lugha hiyo kwa sababu alitoka huko. Baba yake alikuwa fundi wa kushona vikaza-kiuno vya wanawake huko Thetford. Mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 13 hivi, akawa ofisa wa ushuru, akafukuzwa kazi mara mbili, na alipofika Philadelphia tarehe 30 Novemba 1774 alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kutoka melini. Maana yake ni kwamba kijitabu kilichowaambia Wamarekani waachane na mfalme kiliandikwa na Mwingereza aliyekaa kwao miezi 13. Ukurasa wa mbele haukuwa na jina lake.

Tazama jinsi anavyomshambulia mfalme. Wanasiasa wa makoloni walikuwa wamezoea kubishana juu ya vifungu vya sheria na mipaka ya Bunge la London, huku wakimwacha mfalme mwenyewe pembeni kama baba aliyepotoshwa na watumishi wabaya. Paine hakugusa vifungu. Alifungua Biblia, kitabu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, akaenda kwenye Samweli wa Kwanza sura ya 8, pale Waisraeli wanapodai mfalme na nabii anawaonya kwamba huyo mfalme atawachukua wana wao, mashamba yao na zaka ya mazao yao. Kisha akageukia asili ya ufalme wa Kiingereza, akasema kwamba William Mshindi hakuwa chochote ila mwanaharamu wa Kifaransa aliyetua na genge la majambazi wenye silaha. Msikilizaji aliyekuwa na glasi mkononi alicheka, na ukishamcheka mfalme huwezi tena kumwogopa kama jana. Halafu akaweka hoja ambayo hata mtoto anaweza kuichora mchangani, kwamba hakuna maana bara zima kutawaliwa milele na kisiwa.

Nyakati nazo zilimbeba. Hotuba ya Mfalme George III ya Oktoba 1775, iliyowaita watu wa makoloni waasi, ilifika Philadelphia karibu siku zile zile kijitabu kilipotoka. Mtu alisoma vyote viwili wiki moja. Mwisho wa Januari George Washington alikuwa tayari anaandika kwa rafiki yake kwamba hoja za kijitabu hicho hazijibiki.

Kuhusu jina, nimejaribu mara nyingi kulitafsiri na kila mara nimeshindwa kuridhika. "Akili ya kawaida" kwa Kiswahili inashusha, kana kwamba ni akili ya hivi hivi tu. "Busara" inapandisha, kwa sababu busara tunaiweka kwa wazee. Nimeishia "Akili ya Kila Mtu". Paine mwenyewe alitaka kukiita Ukweli Mtupu, daktari Benjamin Rush ndiye aliyempa jina tunalolijua. Miezi miwili baadaye mpinzani mmoja, James Chalmers, aliandika jibu akalichukua lile jina lililoachwa, akimsifu Montesquieu na katiba ya Uingereza kwa sentensi ndefu za kisomi. Halikwenda mbali. Aliyelichapa? Robert Bell yule yule.

Wakili wa Nyali

Dada Bi Kitabu na Mzee wangu Fundi, ninyi wawili mnabishana kuhusu bei na lugha, lakini upo ushahidi wa mahakamani unaosema kwamba serikali yenyewe iliviogopa vyote viwili vikiwa pamoja, na ushahidi wa adui huwa na uzito wake.

Novemba 1790 Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, alitoa kitabu chake cha kuyalaani Mapinduzi ya Ufaransa. Wa kwanza kumjibu hakuwa Paine. Alikuwa mwandishi Mary Wollstonecraft, ambaye jibu lake lilikuwa madukani kabla mwezi ule haujaisha, kwa sababu mchapaji Joseph Johnson alikuwa akichapa karatasi moja moja kadiri alivyokuwa akiandika. Mumewe, William Godwin, alisimulia baadaye kwamba katikati ya kazi Mary alikata tamaa, akaenda kwa Johnson kumwambia hawezi tena. Johnson akamjibu kwa upole kwamba hakuna neno, atazitupa karatasi zilizokwisha kuchapwa. Mary alirudi nyumbani kwa hasira akamaliza.

Paine alifuata na sehemu ya kwanza ya Rights of Man, yaani Haki za Binadamu, mwaka 1791, kwa shilingi tatu. Serikali haikumshtaki. Sehemu ya pili ilitoka Februari 1792, nayo ilikuwa na mambo ya mfukoni: posho ya pauni 6 kwa mwaka kwa maskini waliotimiza miaka 50, pauni 10 kwa waliofika 60, na pauni 4 kwa kila mtoto wa familia maskini aliye chini ya miaka 14, fedha zote zikitoka kwenye kodi zilizokuwa zikilisha vita na jumba la mfalme. Kisha yakaja matoleo ya peni 6, yaani nusu shilingi, ambayo wazee wetu wangeiita sumuni. Mei 1792 mfalme akatoa tangazo dhidi ya maandishi ya uchochezi, na tarehe 18 Desemba kesi ikasikilizwa bila Paine kuwepo, kwa kuwa alikuwa amekwisha vukia Ufaransa alikochaguliwa kuwa mbunge.

Mwanasheria Mkuu, Archibald Macdonald, alieleza waziwazi kwa nini alikaa kimya mwaka 1791. Alidhani sehemu ya kwanza ingesomwa na watu wenye busara tu, ambao wangeyapima na kuyakanusha yaliyomo. Alichoshindwa kuvumilia ni kuona kitabu kikisukumwa mikononi mwa watu wa kila hali, hata peremende za watoto zikifungwa kwa kurasa zake. Nikisoma maneno hayo namwona yule muuza peremende gengeni, anachana ukurasa, anausokota kama sisi tunavyosokota karatasi ya karanga, anampa mtoto, na mtoto anaufikisha nyumbani. Kosa lililoshtakiwa liliitwa kashfa ya uchochezi, lakini ukisikiliza vizuri, kilichomuudhi Macdonald ni kwamba hoja ile ile iliyovumilika kwa shilingi tatu ilikuwa inapatikana kwa peni 6. Thomas Erskine alimtetea kwa hotuba ndefu sana juu ya uhuru wa kuchapa. Baraza la wazee wa mahakama halikungoja hata upande wa mashtaka ujibu. Likasema ana hatia.

Mfasiri wa Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi kazi yangu ni kutafsiri kutoka Kifaransa, na ninaona mjadala umeegemea mno upande wa Waingereza. Sieyès anawaharibia hesabu. Hakuandika kwa ajili ya kilabu cha pombe, wala hakuwa na maneno ya kuchekesha. Aliandika kama mhasibu.

Ili kumwelewa, rudini Julai 1788. Hazina ya Ufaransa ilikuwa mahututi, na mfalme alikubali kuita Baraza la Matabaka, ambalo halikuwa limekaa tangu 1614. Hakuna mtu hai aliyejua linaendeshwaje. Basi baraza la mfalme likatoa tangazo tarehe 5 Julai likiwaalika wasomi watafute nyaraka na kutoa maoni. Hebu fikirini: dola iliyokuwa na wakaguzi wa vitabu na jela ya Bastille inawaomba watu waandike juu ya namna ya kuitawala nchi. Vijitabu vikamiminika. Septemba, mahakama kuu ya Paris ikaamua kwamba baraza likutane kama la 1614, ikimaanisha kila tabaka likae peke yake na kupiga kura moja, makasisi moja, makabaila moja, na watu wote waliobaki moja. Mbili dhidi ya moja, daima. Hapo hasira ya watu ikahama kutoka kwa mfalme kwenda kwa wenye upendeleo.

Sieyès alikuwa padri wa Chartres, mwana wa mtumishi mdogo wa serikali kutoka Fréjus, mtu aliyejua kwamba kwa damu yake asingepewa uaskofu upesi hata angekuwa na akili kiasi gani. Kijitabu chake kinafungua kwa maswali matatu yenye majibu ya neno moja au mawili. Tabaka la Tatu ni nini? Kila kitu. Limekuwa nini mpaka sasa katika mambo ya dola? Si kitu. Linataka nini? Kuwa kitu fulani. Neno la mwisho, "quelque chose", ndilo linalonitesa kama mfasiri, kwa sababu unyenyekevu wake ni wa makusudi. Baada ya kusema kwamba wao ni kila kitu, anaomba kidogo tu, na msomaji anajikuta anakasirika kwa niaba yake.

Kisha anahesabu. Makasisi na makabaila wote pamoja hawafiki 200,000. Waliobaki ni milioni 25 au 26. Nani analima, nani anasafirisha, nani anafundisha, nani anafanya kazi ngumu hata ndani ya kanisa na jeshi? Ukiwaondoa wenye upendeleo, anasema, taifa halipungui, linakuwa huru zaidi. Na hapo ndipo anapofanya jambo ambalo Paine hakulifanya kwa namna hiyo, nalo ni kuwaambia wawakilishi hatua ya kuchukua: wakatae kukaa kama tabaka, wajitambue kuwa wao ndio taifa. Tarehe 17 Juni 1789 huko Versailles walifanya hivyo hivyo, kwa hoja iliyowasilishwa na Sieyès mwenyewe, aliyekuwa amechaguliwa kuwakilisha Paris. Kwa hiyo Bwana wa jogoo nimjibu kwamba huyu jogoo aliwika, kisha akashuka juu ya paa akaenda kufungua mlango kwa mkono wake.

Bei haikuwa na kazi kubwa hapo. Waliopaswa kushawishika walikuwa mamia ya mawakili na watumishi wa mahakama za mikoani, watu wenye uwezo wa kununua kitabu chochote. Walichokosa ni sentensi ya kusimama nayo bungeni. (Miaka kumi baadaye padri huyo huyo alimsaidia jenerali Napoleon Bonaparte kulivunja bunge, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Mdadisi wa Makongo

Nawashukuru wote, na Mfasiri umenipa kitu cha kupeleka Jumamosi. Lakini kadiri ninavyosoma majibu ndivyo swali jingine linavyonikaba. Paine anasema bara lisitawaliwe na kisiwa, Sieyès anasema milioni 25 wasitawaliwe na 200,000, na wakati huo huo katika makoloni ya Paine mtu mmoja kati ya watano ni mtumwa. Wapo walioelekeza silaha hii hii ya kijitabu upande huo?

Mwana wa Kilwa

Wapo, dada Mdadisi, na mmoja wao naamini aliwazidi wote niliowaona hapo juu kwa ufundi wa kushawishi.

Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya mbunge William Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka huo huo William Fox wa London alitoa kijitabu kidogo sana kuwahutubia watu wa Uingereza juu ya kujizuia na sukari na ramu ya West Indies, yaani visiwa vya Karibea vilivyolimwa na watumwa. Hakuomba saini wala mchango. Alitoka bungeni akaingia jikoni. Alipiga hesabu kwamba familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, ikiacha kwa miezi 21, itamwepusha binadamu mmoja na utumwa au kifo. Na kwamba katika kila ratili ya sukari inayoliwa ni kana kwamba tunakula wakia mbili za nyama ya mtu. Hesabu hiyo unaweza kuibishia. Lakini baada ya kuisoma, kile kibakuli cha sukari kilichokuwa mezani hakikuwa tena kibakuli, kilikuwa shahidi. Wanawake, ambao hawakuwa na kura na hawakuruhusiwa kusema bungeni, ndio walioamua kinachonunuliwa nyumbani, na Fox aliwapa kura ya chai. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya harakati hizo, alikadiria kwamba watu 300,000 waliiacha sukari hiyo.

Tusimsahau Ottobah Cugoano, Mfante aliyetekwa utotoni pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, akapelekwa Grenada kisha London. Mwaka 1787 alichapisha maandishi ya kudai utumwa wenyewe ufutwe kabisa, wakati wazungu wengi waliokuwa upande wake walikuwa bado wanaomba biashara tu ikomeshwe. Olympe de Gouges naye, aliyeandika tamko la haki za mwanamke mwaka 1791 akisema kwamba kama mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kuuawa basi anayo haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia, alikuwa amekwisha kuandika dhidi ya utumwa kabla hajaandika kwa ajili ya wanawake. Novemba 1793 alipandishwa jukwaa la kwanza.

Sasa niseme la kwetu, kwa sababu lipo. Tangazo la uhuru wa Marekani ni la tarehe 4 Julai 1776. Siku 72 baadaye, tarehe 14 Septemba, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, riale 20 kwa kila mtu na riale mbili juu yake za Sultani. Walipelekwa visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Huo nao ni mwaka wa Common Sense.

Na upo uzi unaoviunganisha. Mwaka 1781 mwanahisabati Condorcet alitoa kijitabu dhidi ya utumwa wa watu weusi, akijificha nyuma ya jina la mchungaji wa kubuni, Joachim Schwartz. Alikitabarukia watumwa wenyewe, akawaita ndugu zake, na akawaambia kwamba anajua hawatakijua kamwe kitabu hicho. Alikuwa sahihi. Bunge la Ufaransa lilipofuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, walowezi wa Mauritius walikataa kutii, na wajumbe wawili, Baco na Burnel, walipofika 1796 kuitekeleza amri hiyo walifukuzwa kisiwani haraka. Maneno ya haki za binadamu yalivuka bahari hadi kwenye mashamba yaliyokuwa na watu waliotoka pwani yetu; yakasomwa na mabwana, yakafungiwa.

Mwenye Jogoo

Naona nimesutwa na Mfasiri, basi nijitokeze. Mimi ndiye yule mwanakikundi. Nakubali kuhusu Sieyès. Lakini niwaulize kuhusu Paine: kama kijitabu cha bei nafuu na lugha ya barazani kina nguvu hiyo, mbona Rights of Man kilienea Uingereza nzima na mfalme akabaki kwenye kiti chake?

Wakili wa Nyali

Swali zuri, ndugu. Kesi na jela zilisaidia, na vita na Ufaransa vilivyoanza Februari 1793 vilimfanya kila msomaji wa Paine aonekane msaliti. Lakini pia upande wa pili ulijifunza somo lile lile. Mwishoni mwa 1792 Hannah More alitoa Village Politics, mazungumzo ya mhunzi na mwashi kijijini, mmoja akiwa amesoma Paine na kutaka usawa, mwingine akimzungusha kwa mifano ya nyumbani mpaka anamrudisha kwenye utii. Kuanzia 1795 akaanzisha mfululizo wa vijitabu vya nusu peni hadi peni moja na nusu, vyenye michoro na nyimbo, vikifanana kwa sura na vile vya mitaani. Matajiri wakavinunua kwa mafungu na kuvigawa, na mwaka wa kwanza vikapita milioni mbili. Mzee Fundi atasema nakala za kugawiwa bure si nakala za kununuliwa, nami namuunga mkono, ila hoja inabaki kwamba mtambo haukuwa na chama.

Fundi Chapa Mstaafu

Nitasema kweli. Kijitabu ulichogawiwa na bwana shamba unakitumia kuwashia moto. Ulichotoa sumuni yako unakisoma mara mbili.

Mdadisi wa Makongo

Mzee wangu, shikamoo tena, nimecheka peke yangu. Nimeamua tusianze na Paine. Jumamosi tutaanza na Fox, kwa sababu hesabu yake inaweza kupimwa papo hapo. Ratili 5 ni kama kilo mbili na robo, na nyumba yangu ya watu sita, pamoja na wageni na chai ya saa nne, haimalizi kilo mbili kwa wiki. Ama Waingereza wale walipenda sana sukari, ama Fox alichagua nyumba kubwa ili jibu litoke vizuri. Nitakuja na mzani, na Mwenye Jogoo aje na sukari yake mwenyewe.